Jukwaa Lililoigeuza Riwaya ya Ngũgĩ

Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o afariki dunia huko Marekani tarehe 28 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 87, kumbukumbu zake zimekuwa zikifuata utaratibu uleule. Hutajwa kwanza kama mwandishi wa riwaya, kisha kama mtetezi wa lugha za Kiafrika, kisha kama mfungwa na mkimbizi wa kisiasa. Tamthilia zake huja mwishoni, kana kwamba zilikuwa kazi ya mapumziko baina ya riwaya moja na nyingine. Utaratibu huo unanikera, kwa sababu unaficha namna mwandishi huyu alivyobadilika. Chukua kazi zake, uzipange kwa miaka, uzisome kwa mfuatano huo. Utaona kwamba riwaya yake ilipogeuka lugha, ilipobadili msimulizi na ilipopata msomaji mwingine, jukwaa lilikuwa limetangulia. Ninachoshikilia ni kwamba ukumbi wa maonyesho ndio uliomfanya Ngũgĩ tunayemkumbuka leo, na kwamba anayezisoma riwaya zake bila tamthilia anaona matokeo bila kuona chanzo.

Mwanzo wake haukuonyesha dalili hiyo. Mwezi Juni 1962, akiwa mwanafunzi wa Makerere, alialikwa kwenye mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza, kwa ajili ya hadithi fupi chache alizokwisha kuzichapisha. Shaaban Robert, ambaye tayari alikuwa na mashairi, insha na hadithi za kujaza rafu, hakuwa na nafasi katika mkutano wa namna hiyo kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili, na mwezi huohuo akafariki. Ngũgĩ mwenyewe aliikumbusha dhuluma hiyo miaka mingi baadaye. Lakini wakati ule alikuwa ndani ya mfumo ulioitenda, na tamthilia yake ya kwanza, The Black Hermit, iliyochezwa katika Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Kampala mwezi Novemba 1962 kusherehekea uhuru wa Uganda, inalithibitisha hilo. Inamhusu Remi, kijana msomi wa kwanza wa kabila lake, anayekimbilia mjini na kuwaacha mama, mke na wazee wakimngoja. Wazee hao, wanaolia kwamba mtoto wao amewasahau, wanalia kwa Kiingereza ambacho wenzao wa kijijini wasingeweza kukifuata. Mchezo unaomshutumu msomi kwa kuwakimbia watu wake ulichezwa kwa lugha iliyowakimbia watu haohao. Katika riwaya kasoro kama hiyo hujificha, kwani msomaji anakubali haraka kwamba mwandishi ndiye anayemsemea mkulima. Jukwaani mkulima lazima afungue kinywa mwenyewe, na hapo kasoro husikika.

Ndiyo maana riwaya zake tatu za kwanza, Weep Not, Child ya mwaka 1964, The River Between ya 1965 na A Grain of Wheat ya 1967, ziliweza kuendelea na Kiingereza bila kuonekana na tatizo. Ya tatu ni kazi kubwa kwa kipimo chochote. Hata hivyo angalia inavyohitimika: Mugo, mtu mkimya aliyebeba siri ya kumsaliti mpigania uhuru Kihika, anapanda jukwaani siku ya sherehe za uhuru na kukiri mbele ya umati. Riwaya iliyojengwa juu ya mambo ya ndani ya nafsi ilihitaji uwanja na watu waliosimama kusikiliza ili ifike mwisho wake. Naona hapo mwandishi aliyekwisha kuhisi kwamba ukweli wa aina fulani hautoshi kusomwa chumbani.

Miaka tisa baadaye alirudi jukwaani, safari hii pamoja na Mĩcere Gĩthae Mũgo. The Trial of Dedan Kimathi ilionyeshwa Oktoba 1976 katika Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Nairobi, jengo la enzi ya ukoloni lililokuwa bado linaelemea vikundi na michezo ya kigeni, na kikundi hiki cha Wakenya kilipewa siku chache tu. Lugha bado ilikuwa Kiingereza, lakini nyimbo na ngoma zilivuka mpaka huo. Watazamaji wa usiku wa kwanza walijiunga na waigizaji katika wimbo wa mwisho na kutoka nao nje, ng'ambo ya barabara kutoka hoteli ya Norfolk. Mwaka uliofuata mchezo huo uliiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC mjini Lagos, sambamba na Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Kwa mwandishi wa riwaya, aliyezoea kumjua msomaji wake kwa barua na tahakiki, kuiona kazi yake ikitoka mlangoni ikiwa imebebwa na sauti za watu ni jambo ambalo haliwezi kumwacha alivyokuwa.

Lakini mageuzi yenyewe yalitokea Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kijiji kilichoanzishwa wakati wa Hali ya Hatari kwa kuwakusanya watu kwa nguvu mahali pamoja. Wakazi wake wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, na watu wasio na ajira. Kituo chao cha elimu na utamaduni kiliendesha madarasa ya watu wazima chini ya uongozi wa Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na waliokwisha kujifunza kusoma walitaka kitu cha kusoma na kuigiza. Ngũgĩ wawili hao waliandika rasimu ya Ngaahika Ndeenda, na Kĩmani Gecaũ akawa mwelekezi wa mchezo. Hadithi ni nyepesi kueleza: Kĩgũũnda, kibarua mwenye ekari moja na nusu ya ardhi na hatimiliki aliyoitundika ukutani, anashawishiwa na tajiri Kĩoi akope benki ili afunge ndoa ya kanisani, na ekari hiyo inapotea. Uzito ulikuwa katika namna ilivyotengenezwa. Mazoezi yalifanyika hadharani, na yeyote aliyepita aliruhusiwa kusimama na kusahihisha. Wazee waliwaambia waandishi kwamba mzee hasemi hivyo; waliopitia Hali ya Hatari walirekebisha nyimbo na matukio; bibi mmoja asiyejua kusoma ndiye aliyewafundisha majibizano ya kuimba ya sherehe ya arusi. Wanakijiji walijijengea wenyewe ukumbi wa wazi wenye viti zaidi ya 2,000. Profesa wa fasihi alikuwa amekalishwa darasani na watu ambao alidhani anakwenda kuwafundisha, naye alilisema hilo waziwazi.

Yaliyofuata yanatoa ushahidi ambao haujirudii mara kwa mara katika historia ya fasihi yetu. Mwaka huohuo wa 1977, mwezi Julai, riwaya yake Petals of Blood ilizinduliwa Nairobi, na Mwai Kibaki, waziri wa fedha, akashiriki uzinduzi huo. Riwaya hiyo inawashutumu matajiri wapya wa Kenya kwa maneno makali kuliko yoyote yaliyomo katika Ngaahika Ndeenda. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba. Tarehe 16 Novemba kibali chake kikaondolewa. Tarehe 31 Desemba mwandishi akakamatwa na kupelekwa gereza la Kamiti, alikokaa bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Shutuma ile, mwandishi yule, mwaka uleule. Kilichobadilika ni lugha na mahali pa kukutana na watu. Serikali iliitambua nguvu ya jukwaa mapema kuliko wahakiki wetu.

Akiwa kizuizini aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za chooni, na hapo athari ya Kamĩrĩĩthũ inaonekana katika kila kiungo cha riwaya. Msimulizi ni mchezaji wa gĩcaandĩ, fanani wa kibuyu na mafumbo, ambaye anaombwa na watu afichue yaliyofichika. Wahusika wanakutana ndani ya matatu na kila mmoja anasimulia habari zake kwa zamu. Kilele ni mashindano ya wezi na wanyang'anyi, ambao wanapanda jukwaani mmoja baada ya mwingine kujisifu namna walivyoiba, huku watazamaji wakipima. Hiyo ni riwaya iliyopangwa kama onyesho, na watu waliipokea hivyo. Ilitoka mwaka 1980 katika nakala 5,000 ambazo mchapishaji alitarajia zingeuzwa kwa miaka kadhaa. Ikalazimika kuchapwa upya mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Ilisomwa kwa sauti majumbani na kwenye mabaa, msomaji mmoja akiwasomea wengi, akinyamaza penye utamu hadi ajaziwe bilauri.

Kuna watakaosema kwamba naipa jukwaa sifa isiyo yake; kwamba mageuzi yalianzia Leeds, alikosoma kuanzia 1964 na kukutana na maandishi ya Fanon na Marx. Hoja hiyo ina uzito. Tena mwaka 1968, pamoja na Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, alidai idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe ili fasihi ya Afrika ikae katikati. Lakini hesabu miaka. Aliijua nadharia kwa zaidi ya muongo mzima na bado akaandika Petals of Blood kwa Kiingereza. Kama mawazo pekee yangetosha kumbadilisha, yangekwisha kumbadilisha. Wengine watasema ni gereza. Ni kweli kwamba uamuzi wa kuandika riwaya kwa Kikuyu aliufikia Kamiti. Hata hivyo alifungwa kwa sababu ya Kamĩrĩĩthũ, na alichokuwa nacho mikononi cha kuandikia Kikuyu kilikuwa ni kile alichofundishwa na wanakijiji katika miezi ya mazoezi. Gereza lilimpa muda na hasira. Ufundi aliingia nao.

Pingamizi zito zaidi ni la kisanaa. Wapo wanaoamini kwamba jukwaa lilimharibu, na siwezi kuwapuuza. Mugo wa A Grain of Wheat ni mtu unayeishi naye. Wanyang'anyi wa Caitaani Mũtharaba-inĩ ni vinyago vyenye matumbo makubwa. Katika Matigari ya mwaka 1986 mhusika mkuu hana siri yoyote kwa msomaji. Ni swali linalotembea nchini likitafuta ukweli na haki. Nakubali kwamba hapo kitu kilipotea, na kwamba hakuna riwaya yake ya Kikuyu inayoichimba nafsi kwa kina cha Mugo. Lakini kumpima fanani kwa kipimo cha riwaya ya Ulaya ya karne ya 19 ni kumwuliza swali alilokwisha kuliacha. Kinyago hujulikana kwa mbali, na watu 2,000 waliokaa katika uwanja wa wazi wanahitaji mhusika anayejulikana kwa mbali. Hata waliokusanyika kusikiliza kitabu kikisomwa wanamhitaji. Matigari alijulikana kiasi kwamba mwaka 1987 nakala za kitabu zilikusanywa na kuondolewa madukani.

Kwa msomaji wa Kiswahili lipo swali jingine: kwa nini Kikuyu, na si lugha inayovuka mipaka? Ebrahim Hussein alikuwa ameshatoa Kinjeketile mwaka 1969, tamthilia ya vita vya Maji Maji iliyoeleweka Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura bila mkalimani. Kwangu mimi, ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ unajibu. Pale lugha ilikuwa ya watu waliokuwa wakisahihisha rasimu, na kuwapa lugha nyingine kungekuwa kuwanyang'anya usahihishaji. Kazi zake zimetufikia kwa Kiswahili kupitia tafsiri, Mzalendo Kimathi, Nitaolewa Nikipenda (Ngaahika Ndeenda) na Shetani Msalabani (Caitaani Mũtharaba-inĩ) zikiwemo. Na mchezo uliofuata, Maitũ Njugĩra, ulichukua nyimbo za jamii mbalimbali za Kenya, kwa hiyo shutuma ya ukabila haiukuti pale inapotarajiwa.

Maitũ Njugĩra ndio uliokata safari. Februari 1982 kikundi kilikuta milango ya Jumba la Taifa imefungwa. Kikahamia chuo kikuu, na maelfu ya watu wakaja kutazama mazoezi, hadi nako kukafungwa. Mwezi Machi polisi waliubomoa ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ. Ngũgĩ alikwenda London mwaka huohuo na kubaki uhamishoni. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Gecaũ walikimbilia Zimbabwe na kuendeleza kazi ya maonyesho huko. Ndipo hoja yangu inapopata kipimo chake kigumu kuliko vyote, kwa kuwa mwandishi sasa hakuwa na jukwaa wala watazamaji. Kama jukwaa lilikuwa kazi ya pembeni, lingemtoka. Badala yake lilihamia ndani ya kurasa. Katika Mũrogi wa Kagogo, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 2006 kama Wizard of the Crow, polisi Arigaigai Gathere anasimulia visa baani mbele ya wasikilizaji wanaombishia na kumdai zaidi. Wahusika wakuu, Kamĩtĩ na Nyawĩra, wanaishi kwa kubadili mavazi na sauti. Wanawake wanaingilia sherehe ya Mtawala na kuivuruga kwa onyesho lao. Miaka 12 baadaye ikaja Kenda Mũiyũru, utenzi wa kusimuliwa juu ya asili ya Wakikuyu, uliofika kwenye orodha ndefu ya tuzo ya kimataifa ya Booker mwaka 2021. Mwezi Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilichezwa katika Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Nairobi, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, miaka 45 baada ya kupigwa marufuku. Hata hivyo Maitũ Njugĩra bado haijulikani kwa wasomaji wengi, na walimu wanaofundisha Shetani Msalabani mara nyingi huifundisha peke yake. Iwekwe kwenye meza moja na Nitaolewa Nikipenda, wanafunzi waanze na tamthilia, na wasimame waiigize kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza wa riwaya.