Baruti na Mkate

Kisiwa hakina mlango wa uani. Ukifungwa wa mbele, wenyeji hubaki ndani na njaa yao. Hali hiyo iliwakabili watu wa Bermuda mwaka wa 1775, makoloni ya Amerika Kaskazini yalipouasi ufalme wa Uingereza. Visiwa vile vidogo vya Bahari ya Atlantiki vilikuwa mali ya mfalme yule yule, lakini nafaka yao ilitoka kwa waasi. Ardhi haikuwatosha, riziki yao ilikuwa merikebu za mierezi na chumvi ya visiwa vya Turks. Baraza la waasi, lililokutana Philadelphia, liliazimia kutopeleka bidhaa katika milki za Uingereza tangu Septemba.

Kanali Henry Tucker alikwenda Philadelphia kuomba chakula. Alifahamu huko kwamba chombo kitakacholeta baruti kitaruhusiwa kurudi na shehena ya chakula. Na baruti ilikuwako Bermuda, katika ghala ya mfalme, mjini St. George's.

Usiku wa tarehe 14 Agosti watu waliingia ghalani, wakabiringisha mapipa yapata mia mpaka ufuko wa Tobacco Bay, wakayapeleka kwa mashua hata merikebu za Waamerika zilizongoja. Watumwa, waliokuwa karibu nusu ya watu wa Bermuda na ambao njaa ingaliwafikia kwanza, hawakuulizwa shauri lao kwa mfalme wala kwa waasi.

Gavana, George James Bruere, alitangaza zawadi kwa atakayewataja wezi. Hakuna aliyefumbua kinywa. Msiba wake haukuwa wa serikali tu. Mwanawe mmoja alikuwa ameuawa Juni katika vita vya Bunker Hill, akipigana upande wa mfalme. Na binti yake, Frances, alikuwa mke wa mwana wa Kanali Tucker. Basi baruti ile iliwaendea waliomwua mwanawe, na mkate uliotafutwa kwayo ulikuwa wa kuliwa na wajukuu wake pia. Nani angalimlaumu kwa uchungu wake? Na nani angaliwalaumu wenye njaa?

Tarehe 6 Septemba George Washington aliwaandikia watu wa Bermuda kuwaomba baruti, asijue kuwa imekwisha kuchukuliwa. Novemba baraza liliruhusu chakula kipelekwe, kibadilishwe kwa chumvi. Bruere alifariki mwaka wa 1780, angali gavana, na vita havijesha.