Akaunti tatu, mtu mmoja

Tanga

Mpwa wangu Mwanaidi,

Mama yako alinipigia simu kabla sijasoma ujumbe wako, kwa hiyo mashitaka niliyasikia kabla ya utetezi: una akaunti tatu kwenye mtandao wa kijamii wa Mastodon, ya kwanza ina jina lako na mambo ya chuo, ya pili ina jina la kujitungia na mashairi, ya tatu haina kitu, na mtu mwenye majina matatu hakosi la kuficha. Nilimsikiliza mpaka mwisho kwa sababu ni dada yangu mkubwa na hofu yake ni ya mzazi. Lakini katika hili siko upande wake, na ningependa uwe na sababu zangu kwa maandishi.

Fikra hiyo ya kwamba mwenye majina mengi anaficha kitu hakuianzisha yeye. Mark Zuckerberg wa Facebook alimwambia mwandishi David Kirkpatrick, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 2010, kwamba mtu kuwa na utambulisho wa aina mbili ni upungufu wa uadilifu. Sisi tulioingia mitandaoni kwa mlango wa Facebook tulilelewa na kanuni hiyo: mtu mmoja, jina moja la kwenye cheti, na wote wanaokufahamu wakusikie kwa pamoja. Kwa biashara ya matangazo kanuni hiyo ina faida, maana anayetangaza anataka kujua anazungumza na nani. Ilipofika Septemba 2023 kampuni hiyohiyo ikamruhusu mtu kuongeza hadi profaili nne juu ya ile ya kwanza. Ilikubali jambo ambalo watu walikuwa wakilifanya siku zote.

Na sisi tumelifanya tangu zamani. Bibi unamwamkia shikamoo, rafiki unamwambia mambo, shemeji unamtania kwa maneno ambayo ukiyatamka mbele ya mkwe ukoo mzima utaona haya. Hakuna anayekuita mnafiki kwa hilo. Anayekuita hivyo hakulelewa kwetu. Adabu yetu imejengwa juu ya kujua uko mbele ya nani. Washairi nao wameandika kwa lakabu magazetini miaka na miaka. K. H. A. Akilimali alijulikana kwa jina la Snow-White, na sijapata kusikia msomaji aliyelalamika kwamba amedanganywa. Ukichagua jina la ushairi unajiunga na safu yao.

Mastodon yenyewe ina sababu zake za kukufanya ufungue zaidi ya akaunti moja. Programu hiyo aliitoa Eugen Rochko huko Ujerumani mwaka 2016, na haina makao makuu yanayomiliki kila kitu. Yeyote mwenye ujuzi kiasi anaweza kuendesha seva yake, na seva zinasikilizana kwa itifaki iitwayo ActivityPub, ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliipitisha rasmi Januari 2018. Ukimfuata mtu, unapokea yote anayoyaandika hadharani. Hapana mahali pa kusema, "huyu nitumieni mashairi yake tu, habari za maabara muache." Kwa hiyo mwalimu aliyekufuata kwa ajili ya masomo atapokea pia beti zako za mapenzi, na mpenzi wa ushairi atapokea malalamiko ya mtihani. Akaunti ya pili inawaheshimu wote wawili.

Lugha, kwa upande wake, haihitaji akaunti ya peke yake, ingawa wengi wanadhani inahitaji. Anayekufuata anaweza kuchagua lugha za kupokea kutoka kwako. Wewe weka alama ya Kiswahili kwenye kila chapisho la Kiswahili, na wasiokijua watajipangia wenyewe.

Sasa ile ya tatu, ambayo mama yako ameitilia shaka kuliko zote kwa kuwa ni tupu. Hiyo ndiyo nitakayoitetea kwa nguvu zaidi. Seva nyingi ni mali ya mtu au kikundi kidogo kinacholipa gharama kwa michango na kwa usingizi wake. Februari 2023 mwenye mastodon.lol, seva iliyokuwa na watu 12,000 hivi, alitangaza kwamba ataizima baada ya miezi mitatu kwa sababu alichoshwa na chuki. Hao angalau walipewa muda. Mwaka uliofuata, Februari tena, seva moja iliyotumia anwani inayoishia na .af ilisimamishwa ghafla. Anwani hizo ni za Afghanistan, na uamuzi ulikuwa mikononi mwa serikali ya Taliban. Hata Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, walifunga mozilla.social Desemba 2024. Kwa hiyo usidhani ni wadogo tu wanaoondoka.

Seva inapofungwa kwa taarifa, unaweza kuhama. Unaitambulisha akaunti ya zamani kwenye mpya, kisha unaanzisha uhamisho kutoka ile ya zamani, na wafuasi wanahamishwa wenyewe. Machapisho hayahami. Ila uhamisho huo unaitegemea seva ya zamani iwe hai. Ikifa usiku mmoja, hakuna wa kuutuma ule ujumbe wa kuhama, na wafuasi wako hawajui ulikokwenda. Hapo ndipo akaunti tupu kwenye seva nyingine inapokuokoa, mradi anwani yake uwe umeshaiandika kwenye wasifu wa ile ya kwanza. Fanya pia jambo hili: kwenye mipangilio, pakua faili la watu unaowafuata na kumbukumbu ya machapisho yako, na urudie mara kwa mara. Faili hilo la wafuatwa unaweza kulipakia kwenye akaunti mpya. Mashairi yako yahifadhi nje kabisa ya mtandao.

Kuna jingine. Seva zinaweza kukatiana mawasiliano. Julai 2019 mtandao wa Gab, unaojulikana kwa kuwapokea wenye siasa za chuki, ulianza kutumia programu ya Mastodon, na seva nyingi zikaufungia mlango. Walifanya vyema. Lakini kisu hicho wakati mwingine humkata asiyehusika, rafiki akapotea kwa kosa la jirani yake wa seva. Akaunti ya akiba ukiiweka kwenye seva ya watu wengine, utakuwa na njia ya kumfikia.

Mipaka yangu ni hii, nami nakusihi uishike. Jina la ushairi lisije hata siku moja kulisifu jina lako la chuo, wala kumtukana mtu ambaye kwa jina lako ungemwamkia. Na usilitegemee kwa siri kubwa. Linakuficha kwa mwalimu na kwa majirani, lakini msimamizi wa seva ana barua pepe yako, na ujumbe wa faragha wa Mastodon haufungwi kwa namna ya kumzuia kuusoma. Jambo zito niandikie kwa njia nyingine, au njoo nyumbani. Zaidi ya tatu sikushauri: kila akaunti inataka kujibiwa, na wewe una masomo.

Jumamosi nitakwenda kwa mama yako na kumweleza habari za seva zilizofungwa. Hilo atalielewa haraka, maana mwenyewe hutunza nakala za hati za shamba katika nyumba mbili. Mashairi ni jambo jingine. Nilimuuliza kama ameyasoma, akasema aliona jina tu akafunga simu. Nikuombe ruhusa ya kumsomea moja, lile la meli bandarini. Nijibu kabla ya Ijumaa usiku.

Mjomba wako,
Athumani