Safari ya Mpwapwa

Mwezi wa saba nilisafiri kwa basi kutoka Dodoma mjini kwenda Mpwapwa. Ni safari ya kilometa 120 hivi. Tulipita Ihumwa, kisha Buigiri. Mvua zilikuwa zimekwisha zamani. Mibuyu ilisimama bila majani. Mashambani yalibaki mabua ya mtama, na ng'ombe waliyala.

Karibu nami alikaa binti mmoja.

"Shikamoo, baba," aliniamkia.

"Marahaba, mwanangu."

Aliniambia kuwa anasoma Chuo cha Ualimu Mpwapwa. Hicho ni chuo cha zamani. Kimefundisha walimu tangu miaka ya 1920. Wiki iliyofuata angekwenda shule ya kijijini kwa mazoezi ya kufundisha. Kwao ni Kagera. Alikuwa na daftari mapajani. Aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Unaandika nini, mwanangu?"

"Andalio la somo, baba. Hisabati, darasa la tatu. Tena najiandikia maswali. Je, watoto wasiponielewa nitafanya nini? Nitajuaje kuwa kosa ni langu, si lao? Naogopa."

Alinipa daftari nisome. Mfano wake wa kwanza ulisema: "Mama ana mikungu 24 ya ndizi. Anaipanga katika mafungu 6 yaliyo sawa. Kila fungu lina mikungu mingapi?"

Nilisoma, nikamrudishia.

MASHAMBA YA KONGWA

Pale Mbande tuliiacha barabara kuu, tukafika Kongwa. Nilimwonyesha nchi tambarare upande wa barabara.

Mwaka 1947 Waingereza walianza hapa mradi mkubwa wa karanga. Walitaka mafuta ya kula kwa ajili ya nchi yao baada ya vita. Walipanga kulima ekari zaidi ya milioni 2 Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta mengi. Lakini hawakuijua ardhi hii. Visiki na mizizi vilivunja majembe ya matrekta. Jua lilipowaka, udongo ukawa mgumu kama tofali. Mvua nazo hazikutosha. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Fedha zilizopotea zilikuwa pauni milioni 36 hivi.

Wenyeji walijua jua na mvua za hapa. Waliopanga mradi walikuja na haraka.

KOSA LANGU

Binti alicheka. Nikamwambia, "Usiwacheke peke yao. Mimi pia nilifanya hivyo."

Nilipotoka chuoni na cheti changu cha kilimo, nilipelekwa kijiji kimoja cha mkoa huu. Niliitisha mkutano, nikawahimiza watu wapande mahindi. Mzee mmoja akaniuliza, "Bwana shamba, mvua ya hapa unaijua?" Sikumjibu. Nilimfungulia daftari langu la chuo.

Mwezi wa pili mvua ilikatika. Mahindi yalikauka yakiwa yanatoa mbelewele. Mama mmoja hakunisikiliza, akapanda uwele. Yeye alivuna. Siku moja aliniletea unga wa uwele nyumbani, wala hakunisema neno baya. Usiku ule sikulala. Watu walionisikiliza walikuwa na njaa. Yule ambaye hakunisikiliza ndiye aliyenilisha.

Tangu siku ile, kabla sijafundisha, najiuliza: watu hawa wanajua nini tayari?

Binti alinyamaza kwa muda mrefu. Basi lilipokaribia milima ya Mpwapwa nikamwuliza, "Huko unakokwenda kuna migomba?"

Alitazama nje, kisha akafungua daftari. Alikata maneno "mikungu 24 ya ndizi". Juu yake akaandika "madebe 24 ya mtama". Halafu akaongeza swali moja katika maswali yake: "Watoto hawa wanajua nini tayari?"

"Bado naogopa, baba," alisema.

"Vizuri," nikamjibu. "Mimi sikuogopa."

Tuliagana stendi.

Ndugu msomaji, huenda kijijini kwako atakuja mwalimu kijana wa mazoezi, au bwana shamba mpya. Mkaribishe. Mweleze mvua zenu, mazao yenu na lugha ya watoto wenu. Akikosea, mwambie kwa upole. Yeye amekuja kufundisha, lakini nawe una la kumfundisha.