Kiungo cha Mkanda

Kamba hukatikia pembamba, walinena wahenga. Katika mkanda wa mpira uchukuao nafaka bandarini au mawe kiwandani, pembamba pake hujulikana tangu siku ya kwanza: ni pale ncha zake mbili zinapokutana. Mkanda huletwa ukiwa umeviringwa, una mwanzo na una mwisho. Kazini hautakiwi kuwa na kimoja wala kingine. Basi sharti uungwe, na aungaye ni binadamu mwenye mikono ya nyama.

Ami yangu, Mungu amrehemu, aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20, nami kwake ndiko nilikojifunza kuistahi. Ndani ya mpira zimo tabaka za kitambaa kigumu, nazo ndizo zistahimilizo mvuto. Fundi huzichonga kwa ngazi, ili ngazi za ncha moja zizilalie za ncha ya pili. Mkanda wa tabaka 4 huchongwa ngazi 3, na kila ngazi ina tabaka moja iliyokatika. Kwa hiyo hata kiungo kilichotimia hakifikii nguvu za mkanda mzima. Tena ncha hazikatwi mraba, hukatwa hanamu, ili kiungo chote kisipande juu ya roda kwa pigo moja.

Kisha hutiwa mpira mbichi katikati, ukabanwa kwa mabamba ya moto, joto likikaribia nyuzi 145. Hapo salfa iliyomo huufunga mpira na mpira mwenzake, siri aliyoigundua Mmarekani Charles Goodyear mwaka 1839. Ukitolewa kabla ya kuiva, huonekana mzima na huachana kazini. Vumbi kidogo, tone la mafuta, hata jasho la kiganja, hutosha kuuharibu.

Wapenzi wa tungo wataitambua kazi hii. Mshororo wa mizani 16 una vipande viwili, ukwapi na utao, navyo hushikana kwa maana kabla ya kushikana kwa kina. Atiaye kina pasipo maana ameunga juu ya vumbi.

Lakini shairi bovu halimkati mtu vidole. Katika kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, ami aliitwa kuunga mkanda uliopanda mlima. Umeme ulizimwa. Jiwe la kuukaza mkanda liliachwa likining'inia. Ulipokatwa, mkanda ulikwenda hatua chache tu, ukauvuta mkono wake hadi kwenye rola. Hakuna aliyeuwasha. Wakubwa wa kiwanda waliandika kuwa fundi hakuwa mwangalifu, naye akarudi nyumbani na vidole vitatu katika mkono wa kulia.

"Mkanda uliolala si mkanda uliokufa," alikuwa akituambia baadaye. Umeme ni nguvu moja tu kati ya nguvu zake. Uzito wa mzigo uliobaki juu ya mteremko ni nguvu. Jiwe linaloning'inia ni nguvu. Mpira wenyewe uliovutika ni nguvu. Kwa hiyo mkanda hupakuliwa kwanza. Umeme hukatwa, na kila aingiaye kazini hutia kufuli lake mwenyewe, ufunguo ukakaa mfukoni mwake, wala si mwa msimamizi. Swichi hujaribiwa ili ihakikike kuwa haiwashi kitu. Jiwe huinuliwa na kufungwa. Mkanda hubanwa kwa vyuma kila upande wa mahali pa kukata. Ndipo kisu kitolewe. Ikiwa yaungwa kwa gundi ya baridi, moto usikaribie na upepo upite, maana mvuke wake huwaka na hulevya. Kazi ikiisha, watu huhesabiwa kabla ya kufuli la mwisho kufunguliwa.

Yote haya huchukua saa nzima, na saa hiyo ndiyo wenye viwanda huionea uchungu. Lakini mkanda uendao mita 2 kwa sekunde humaliza mita nzima kabla mtu hajamaliza kulitamka jina la mwenziwe.

Ngano ishushwayo Kilindini hupita juu ya mikanda hadi maghalani, kisha ikawa mkate mezani petu. Alaye hamjui aliyeunga. Mkono huo hautudai shukrani. Unatudai saa moja, ili urudi nyumbani mzima.