Sensa ya krenki haifi siku moja

Mimi ni fundi umeme wa magari, Makambako. Wateja wangu wengi wana Probox na IST za injini ya 1NZ, magari yaliyotumika Japani miaka kadhaa kabla ya kutufikia. Ndiyo yanayobeba watu na viazi kutoka Kitandililo kuja mjini, kiangazi vumbi, masika tope. Yakilala njiani, lawama huenda kwa pampu ya mafuta. Mara nyingi ninachokikuta mimi ni sensa ya krenki, kidude cha kuenea kiganjani, kimefungwa kwa bolti moja kule chini karibu na puli.

Ndani yake mna sumaku na koili. Mbele yake linazunguka gurudumu la meno 34. Nafasi ni za meno 36, mawili yameachwa makusudi ili kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ijue krenki imefika wapi. Kila jino likipita, koili inatoa umeme kidogo sana. Umeme huo ukikosekana, hakuna cheche wala petroli. Utapiga stata mpaka betri iishe.

Shida ni kwamba sensa hii haifi siku moja. Koili ikizeeka, uzi wake unaachana injini ikipata moto, ukipoa unagusana tena. Dereva anakuja ananiambia, "Fundi, inakata moto nikipanda mlima, nikikaa nusu saa inawaka." Anapofika kwangu injini imeshapoa. Na kwa baridi yetu ya Julai, ukiipima sensa, mita inasoma vizuri kabisa. Fundi mwenye haraka ataipitisha sensa hiyo, aanze kufungua pampu.

Mzee mmoja wa Kitandililo alikuwa ameshanunua pampu, plagi na koili za plagi kabla hajanifikia. Nikamwomba tusifungue kitu kwanza. Tukaliacha gari lingurume mpaka feni ikaanza kuzunguka, na halikuchukua muda likazima. Nikachomoa soketi, nikashika pini za sensa kwa mita: uzi wa koili umeachana. Nikaimwagia maji ya baridi kidogo kidogo, mita bado imeshika, namba zikarudi. Nikarudisha soketi, akapiga stata, likawaka. Mzee hakusema kitu. Pesa ya mahindi ilikuwa imeishia kwenye spea ambazo gari halikuzihitaji.

Mashine ya kupimia hitilafu nayo inasomwa vibaya. Ikitoa namba P0335, watu wanakimbilia dukani. Namba hiyo inataja njia nzima: sensa, soketi, waya, mpaka kontroli boksi. Huku kwetu magari yanalala uani karibu na magunia ya mahindi, na panya wanapanda kwenye injini kufuata joto. Nimekuta magari yamefungwa sensa mpya juu ya sensa mpya, kumbe waya umetafunwa nyuma ya injini, shaba imeota kijani. Betri dhaifu nayo inadanganya: asubuhi ya baridi stata inazungusha polepole, umeme wa sensa unapungua, kontroli boksi haioni kitu. Tena sumaku ya sensa hukusanya unga wa chuma kutoka kwenye oili. Ifungue, uifute, ndipo uihukumu.

Na spea mpya nazo nimeacha kuziamini kwa kuangalia boksi. Kabla sijafunga sensa, mpya au ya mtumba, naichovya ncha yake kwenye maji ya moto ya chupa ya chai huku mita imeshika pini. Namba za ukinzani zikipanda taratibu, ni sawa, shaba ikipata joto lazima zipande. Zikiruka au zikipotea, nairudisha dukani.

Wenye magari wanauona usumbufu wa gari kuzima njiani kuwa mdogo kwa sababu huwaka tena. Mimi nafikiria barabara kuu usiku, malori ya Tunduma nyuma yako, injini inakata ghafla. Usukani unaweza kuwa mzito papo hapo, na breki inabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu. Gari likishaanza kukata moto, usilipakie abiria.

Likikuzimikia, angalia mshale wa joto umefika wapi, na kama mshale wa mzunguko wa injini unacheza ukipiga stata. Niambie hayo kabla ya kutaja spea. Kama ni joto linalolizima, usiniletee gari lililopoa. Liletwe limetoka kutembea, tulipime likiwa la moto.