Albamu ya Kwanza

Kitu huitwa cha kwanza kwa hesabu ya mtu aliyeanza kuhesabu. Neno hili nalijua tangu zamani, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha fasihi, na katika fasihi haupiti mwaka pasipo wataalamu kushindana juu ya riwaya ya kwanza na diwani ya kwanza. Walakini sikuuonja uchungu wake mpaka mwaka 2012, ilipotolewa na kampuni ya Crammed Discs ya mjini Brussels santuri iitwayo Bongo Hotheads. Wapigaji wake ni Jagwa Music, vijana wa mchiriku wa viunga vya Dar es Salaam. Mwenzangu mmoja aliniletea niisikilize chumbani mwangu chuoni, akanieleza kwa furaha kuwa hiyo ndiyo albamu yao ya kwanza ulimwenguni. Nikacheka. Kundi hilo lilianzishwa mwaka 1992, na sauti yake niliisikia katika kaseti nilipokuwa mwanafunzi, nikikaa Tandika kwa wazazi wangu. Mtoto gani huyu, nilijiuliza, aliyezaliwa akiwa na umri wa miaka ishirini?

Kicheko changu hakikudumu. Vijiti vilipoanza kulia ndani ya santuri ile, nilimkumbuka mtu ambaye sikutaka kumkumbuka.

Yamkini, ndugu msomaji, hukupata kukesha katika mchiriku, ambao wengine huuita mnanda. Ni mtoto wa ngoma za Wazaramo na chakacha ya pwani, aliyelelewa na umaskini wa mjini. Mama zake ni ngoma za ngozi. Baba yake wa kambo ni kinanda kidogo cha Casio, kile ambacho katika nchi za wenye nafasi hununuliwa watoto wakichezee. Kinanda hicho kikongwe huungwa na amplifaya iliyotengenezwa mara nyingi, kisha na vipaza sauti vya pembe, mfano wa vile vifungwavyo juu ya minara ya misikiti. Na pasipo umeme hutumika betri ya gari. Sauti ipitapo humo haitoki kama ilivyoingia. Hukwaruza, hupasuka, hulia kama bati likwanguliwalo kwa msumari. Mgeni hudhani chombo kimeharibika. Hakikuharibika, sauti hiyo ndiyo itafutwayo, kwa sababu ndiyo inayofika mtaa wa tatu na kumwamsha mtu ambaye hakualikwa.

Ngoma zilipashwa kwa moto wa makaratasi katikati ya njia. Turubai lilifungwa kutoka ukuta wa nyumba yenye harusi hadi mwembe wa jirani, na ilipotimu saa nne za usiku hapakuwa na gari lililoweza kupita. Mwimbaji hakuimba juu ya mwezi wala waridi. Aliimba habari ya kodi ya chumba, ya mpenzi mwenye hila, ya ukimwi uliokuwa ukituzika kila juma, ya dawa za kulevya, na ya jirani aendaye kwa waganga. Wenye mji wao waliwaita wapigaji wahuni, na wazazi wengi walikubali jina hilo, kisha wakatoka kutazama.

Kaka yangu wa tumbo moja alikuwa mpiga kigoda. Kigoda ni kigoda kweli, kiti cha jikoni, kilichopigwa kwa vijiti viwili mpaka kikasema maneno. Alikichukua cha mama bila idhini, na kwa muda wa mwaka mzima mama alichambua mchele ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Kundi lao halikufika mbali: Temeke, Keko, mara chache wakavuka mji kwenda Mwananyamala. Lakini pale Tandika lilikuwa na heshima yake, na watoto walikimbia mbele yao wakibeba pembe za vipaza sauti.

Mimi nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari. Siku moja alinitembelea mwenzangu wa darasani, mtoto wa watu wa Upanga, akakuta mchiriku unapigwa njiani. Alitazama sana, kisha akaniuliza, “Yule wa kigoda si ndugu yako? Mmefanana.” Nikamjibu kuwa simjui. Kaka alikuwa hatua nne kutoka tulipo. Vijiti havikukosea hata pigo moja.

Mtu wa leo, mwenye wimbo mfukoni, hawezi kukisia jinsi milango ilivyokuwa michache. Mpaka sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliporuhusu vituo vya watu binafsi, Bara ilikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam peke yake. Bendi za dansi zilirekodiwa humo, na nchi nzima ikazijua. Mchiriku haukupata nafasi ya maana. Kaseti ndiyo iliyokuwa redio yake, na daladala ndiyo mnara wake. Kundi la kaka lilirekodi kaseti moja kwa siku moja, katika chumba kilichozibwa madirisha kwa magodoro. Mfanyabiashara aliinunua kwa malipo ya mkupuo mmoja, wakagawana, na baada ya hapo haikuwa yao tena. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuta fedha hiyo imekwisha liwa, na kundi lenyewe limekwisha vunjika.

Nami nilisoma. Nikapata shahada, kisha nyingine, kisha ya udaktari, kwa kuchambua tungo za kale ambazo watunzi wao hawawezi kunitia aibu mbele ya mtu wa Upanga. Kila mwaka nafundisha Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Nawaeleza wanafunzi habari za mwanamke huyo wa Fumba, aliyeuza vyungu, aliyechekwa kwa asili yake, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kuimba kwa ajili ya santuri za His Master's Voice. Naisema habari hiyo vizuri. Nimepata kusikia darasa likinyamaza kabisa.

Miaka mitatu kabla ya santuri ya Brussels, binti mmoja wa darasa hilo alinijia akitaka kuandika tasnifu juu ya maneno ya mchiriku. Nilimwambia kuwa kelele hazina fani. Akaniuliza kwa upole, “Mwalimu, Siti alianza kuimba alipofika Bombay?” Nikaona amenikosea adabu. Aliandika juu ya riwaya, akafaulu vema, wala hakunisalimu tena ila kwa heshima iliyopita kiasi.

Swali lake ndilo lililorudi siku ile chumbani mwangu. Waliotoa santuri hawakuwa na kosa. Walihesabu kuanzia pale walipofika, kama kila msafiri. Kwa kweli nawashukuru kwamba hawakuisafisha mikwaruzo ya kinanda, ingawa kwa maoni yangu hakuna santuri iwezayo kuuchukua mchiriku wote, kwa maana humo hamna shangazi wa bibi harusi anayeukatiza wimbo ili atoe tuzo na kumjibu mwimbaji. Aibu ilikuwa yangu. Mgeni hakuwa na njia ya kuisikia kaseti ya Tandika. Mimi nililala chumba kimoja na mtu aliyeipiga, na bado nilingoja Brussels iniambie kuwa ni muziki.

Si Dar es Salaam pekee ambako jambo hili limetokea. Konono N°1 wa Kinshasa, walioanza mwaka 1966 na likembe zao zilizotiwa umeme, walitolewa na kampuni hiyo hiyo katika santuri iitwayo Congotronics mwaka 2004, na wasikilizaji wengi wa Ulaya wakawapokea kama kitu kilichozaliwa jana. Mwaka 2017 ikaja zamu ya singeli, mjukuu wa mchiriku mwenye mbio za ajabu. Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa kazi za vijana wa studio ya Sisso ya Mburahati. Safari hii walau umbali ulipungua: Kampala si Brussels. Nilinunua nakala. Nilimtafuta pia yule mwanafunzi, siku hizi mwalimu wa shule mkoani, nikamwandikia barua ya kumtaka radhi. Alinijibu kwa mistari miwili, akinishukuru.

Barua kwa kaka ilikuwa ngumu zaidi, kwa hiyo sikuiandika, nilikwenda. Anakaa Mbagala, anatengeneza mapanga boi na pasi mbele ya nyumba yake.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba, Daktari.” Ndivyo aniitavyo tangu nilipotunukiwa, na sijapata kujua kama ananitania.

Nikamsikilizisha Bongo Hotheads kwa simu. Alisikiliza bila kuacha kazi, bisibisi mkononi, lakini vidole vya mkono wa pili vilikuwa vikitembea juu ya goti. Wimbo ulipokwisha akasema kinanda kimefungwa vizuri, na kwamba vijana wale walikuwa hodari tangu zamani. Nikamweleza kuwa Ulaya inahesabiwa kuwa albamu yao ya kwanza. Hakucheka kama nilivyocheka mimi. Alinyanyuka, akaingia ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na kaseti, utepe umetoka nje na kujikunja kama nywele. Akaketi, akachomeka penseli katika tundu, akaanza kuuzungusha polepole, akiunyoosha kwa kidole gumba.

“Huko chuoni kwenu kuna mashine ya kuisoma?”

Nikasema ipo, na kwamba wangeihifadhi pamoja na maandishi ya kale, ikiwa atakubali. Tungehitaji kuandika majina ya wapigaji wote. Akayataja, nami nikaandika, kuanzia mwimbaji hadi mtoto aliyebeba betri. Mimi na yeye tuna jina moja la baba. Nilipofika kwenye jina lake nilitaka kuongeza neno, akaona kalamu imesimama.

“Andika mpiga kigoda,” akasema. “Si lazima uandike kuwa ni nduguyo.”