Byamungu: kujitoa kwa Mungu si kukunja mikono

Hapa kwetu Kivu ya Kusini jina Byamungu ni la kila siku. Sisi walimu tukiita orodha asubuhi, mara wawili ama watatu wanaitika. Maana yake haiombi mtaalamu: ni bya Mungu, mambo ya Mungu. Wazazi wengine humpa mtoto aliyezaliwa kisha wengine kufa, ama aliyezaliwa katika kukimbia vita. Ni kama kusema: huyu si wetu, tumemwachia Mwenyewe. Tena tuko na Habamungu, yaani Mungu yupo. Na wazee wa Bashi walimtaja Nyamuzinda kabla ya padri wa kwanza kufika. Kujiweka mikononi mwa Mungu ni desturi yetu. Injili iliikuta, ikaipa uso wa Yesu.

Lakini desturi nzuri inaweza kutumiwa vibaya. Tuseme ukweli. Mama mwenye mimba anafia njiani juu ya kipoyi, kwa sababu daraja lilianguka tangu miaka mitatu na hakuna aliyetoka na mti wala msumari. Siku ya kilio wote tunasemaka: "Ni mapenzi ya Mungu, tufanye nini?" Hapana! Kifo kiko mikononi mwa Mungu, lakini daraja lilikuwa mikononi mwetu. Kumwekea Mungu uvivu wetu si imani, ni kumsingizia.

Tumwangalie Yesu katika Getsemane. Hakuanza kwa kunyamaza. Kwanza aliomba wazi kikombe kimwondokee, akatokwa jasho, akarudia kuomba. Kisha ndipo akaacha mapenzi ya Baba yawe juu ya mapenzi yake. Basi anayejitoa kwa Mungu anaruhusiwa kulia, kuuliza, hata kubishana. Na katika sala aliyotufundisha, kisha kuomba mapenzi ya Baba yafanyike, mara moja inafuata habari ya mkate na ya kusamehe wenye kutukosea. Mkate unalimwa, na msamaha unagharimu.

Hapa Bukavu tuliona mfano kwa macho. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa, Myezuiti, hakuacha kuandika barua na kusema juu ya haki ya wakimbizi na ya wenyeji. Vita vilipokaribia mji, angeweza kuondoka. Alibaki na watu wake. Tarehe 29 Oktoba 1996 askari walimuua pale Nyawera. Aliyemfuata, Emmanuel Kataliko, alikatazwa kurudi Bukavu mwezi wa pili mwaka 2000, akakaa Butembo miezi saba, akarudi, na tarehe 4 Oktoba mwaka uleule akafariki Roma. Hawa wawili walijitoa kweli, na hakuna anayeweza kusema walikunja mikono.

Lakini si lazima mtu awe askofu. Mama yetu mzazi, kule Walungu, hakusoma. Ugonjwa ulipoingia katika migomba, majani yakawa manjano na ndizi zikaoza ndani, majirani walisema Mungu ametupiga. Yeye alifuata mashauri ya watu wa kilimo: akakata migomba yenye kugonjwa, akachoma panga kwenye moto kila mara, akaondoa maua dume kwa kijiti chenye panda. Alikata migomba iliyopandwa na marehemu baba, na tulimwona akitoa machozi. Jioni akanawa mikono, akasema: "Yangu nimeisha kufanya. Byenye kubakia ni bya Mungu." Akalala usingizi.

Neno hilo linapaswa kusemwa jioni, si asubuhi. Anayelisema asubuhi anakimbia kazi. Anayelisema jioni, mikono ikiwa na udongo, anasali.

Basi, ndugu, wakati wa salongo twende na majembe yetu, tujenge daraja. Mgonjwa tumpeleke mapema kwa muganga, na njiani tumwombee. Kisha yote, kama mlango unabaki umefungwa na moyo unauma, tuseme bila haya: Byamungu. Siku hiyo jina hilo litakuwa sala ya kweli.